"Bado Najifunza": Ajali ya Dereva Mwanafunzi, Bima na Haki ya Aliyegongwa

(Mada iliyotolewa kwa vijana baada ya swala ya Alasiri, Nakuru, katika mwezi mtukufu wa Ramadhan)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu (S.W.T), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.



Ustadh aliponiita nizungumze aliniambia nichague mada mwenyewe. Najua wengi wenu mlitarajia fadhila za kumi la mwisho au adabu za futari. Hayo mtayapata kwa wanaoyajua kunishinda. Mimi nimechagua gari. Naona vijana wa nyuma wameinua vichwa, alhamdulillah, hiyo ni dalili njema.

Nasomea sheria, niko mwaka wa tatu, kwa hivyo mimi si wakili. Katika fani hiyo nami bado nina herufi L mgongoni. Lakini kuna jambo lililotupata nyumbani Ramadhan moja, na tangu siku hiyo nimelisoma kwa jicho jingine kabisa. Nimeomba ruhusa ya ami yangu kulisimulia, akaniambia, "Simulia, pengine mtu mwingine atanusurika."

Ami ana watoto watano. Wa pili wao, ambaye ni rika langu, alikuwa amejiandikisha katika shule ya udereva. Alikuwa amepata leseni ya muda, ile tunayoiita PDL, na ameendesha gari la shule mara saba au nane. Sasa nyinyi mnajua kijana akishaendesha mara nane anajiona vipi. Siku hiyo, dakika kama arobaini kabla ya Magharibi, shangazi akasema hakuna barafu na hakuna tambi. Ami alikuwa amelala kwa uchovu wa saumu. Ufunguo uko mezani. Shangazi akasema, "Nendeni na gari, mtachelewa kwa miguu." Tukaenda. Yeye kwenye usukani, mimi kando yake. Mimi wakati huo sikuwa na leseni ya aina yoyote, hata ya baiskeli, kama ingekuwako.

Tulifika upande wa Bondeni salama. Tukanunua tulichotumwa. Wakati wa kurudi, mbele yetu pikipiki ya boda boda ikasimama ghafla. Ndugu yangu akataka kukanyaga breki, mguu ukaenda kwenye mafuta. Gari likapanda kando ya barabara na kumgonga mama mmoja aliyekuwa amepanga karai lake la viazi na ndoo ya kachumbari. Alhamdulillah mafuta ya moto yalimwagikia upande wa pili. Lakini mguu wake wa kulia ulivunjika mahali pawili.

Nakumbuka maneno ya kwanza aliyoyasema ndugu yangu aliposhuka. Watu wameshajaa, mama analia, na yeye mikono kichwani anasema: "Jamani, bado najifunza! Bado najifunza!" Alikuwa akisema kweli tupu. Nami katika akili yangu nikaona ni hoja. Kijana hajui, amekosea, hakukusudia. Mtu atamfanya nini?

Ndugu zangu, hoja hiyo nimeitafuta katika sheria ya Kenya na nimeitafuta katika fiqhi, na kote nimerudi mikono mitupu.

Tuanze na sheria ya serikali. Kuna kesi moja ya Uingereza ambayo kila mwanafunzi wa sheria huisoma, nayo korti zetu huiheshimu kwa kuwa tumerithi msingi mmoja wa sheria. Inaitwa Nettleship dhidi ya Weston, iliamuliwa na Korti ya Rufaa kule mwaka 1971. Mama mmoja alikuwa anajifunza kuendesha gari, na rafiki wa familia akakubali kumfundisha. Somo la tatu, mama akakata kona kushoto, akashindwa kuurudisha usukani, gari likapanda njia ya miguu na kugonga mlingoti wa taa. Mwalimu wake akavunjika goti. Alipodai fidia, swali likawa hili: mwanafunzi apimwe kwa kipimo cha mwanafunzi, au kwa kipimo cha dereva kamili? Majaji wengi walisema kipimo ni kimoja, cha dereva anayejua kazi yake. Mwanafunzi anaweza kuwa anajitahidi kwa uwezo wake wote, lakini kama uwezo wake haufiki kipimo hicho, atabeba dhima ya madhara.

Ukifikiri vizuri utaona ni haki. Yule mama wa viazi hakuwa na namna ya kujua ni nani anayekuja, mzee wa miaka thelathini barabarani au kijana wa masomo manane. Mguu uliovunjwa na mwanafunzi hauumi kidogo kuliko uliovunjwa na mzoefu.

Na kuna kipande cha pili cha kesi hiyo ambacho mimi kilinichoma. Yule mwalimu hakupata fidia yote. Ilikatwa nusu, kwa sababu aliyekaa kando ya mwanafunzi naye ana sehemu yake katika kuliongoza gari. Basi mimi niliyekaa kando siku ile nikiangalia simu, nilikuwa nani? Sheria yetu ya Trafiki, Sura ya 403, haimruhusu mwenye leseni ya muda kutoka peke yake. Lazima kando yake awepo mtu mwenye leseni kamili ya gari la aina hiyo, na gari libandikwe herufi L mbele na nyuma. Mtu huyo hajawekwa pale ili kutimiza idadi. Ni jicho la pili na mkono wa pili. Mimi sikuwa chochote katika hivyo. Nilikuwa mzigo wa barafu na tambi.

Katika fiqhi, wanavyuoni hutenganisha mtendaji mwenyewe, yaani mubashir, na msababishaji, yaani mutasabbib. Mtendaji hubeba dhima ya madhara hata bila kukusudia, kwa sababu kukusudia kunahusu dhambi, na dhima inahusu haki ya mwenzako. Msababishaji hubeba dhima akivuka mipaka. Hili si jambo la vitabu vya kale tu. Baraza la Fiqhi la Kiislamu lilikaa Brunei mwaka 1993 likazungumzia ajali za magari hasa, na likathibitisha kwamba dereva ana dhima ya anachowadhuru watu, isipokuwa pale jambo lilipomshinda nguvu kabisa bila kosa lake, au kosa likawa la mwingine.

Na kuna hadithi iliyopokewa na Abu Daud na wengineo, ambayo kwangu ndiyo iliyo karibu zaidi na ndugu yangu. Maana yake ni kuwa mtu anayejitia kutibu watu na hajulikani kuwa ni tabibu, basi akidhuru ana dhima. Angalieni: huyo mtu pengine nia yake ni njema, anataka kusaidia. Lakini ameshika kisu ambacho hajafuzu kukishika. Badilisha kisu uweke usukani.

Sasa, mwenye gari je? Hapa wazazi nisikilizeni vizuri. Korti za Afrika Mashariki, tangu kesi ya Karisa dhidi ya Solanki iliyoripotiwa mwaka 1969, huanza na dhana kwamba gari likimdhuru mtu, aliyekuwa akiliendesha alikuwa ni mtu ambaye mwenye gari anawajibika kwa makosa yake. Mwenye gari ana nafasi ya kuonyesha kinyume. Kijana akiiba ufunguo usiku na kwenda zake Naivasha kustarehe, mzee ana la kusema. Lakini kijana aliyetumwa barafu ya futari ya nyumba hiyo hiyo? Hiyo ni shughuli ya nyumba. Ami hakufunua hata jicho, naye tayari ni mdaiwa. Isitoshe, sheria ya Trafiki inahesabu kuwa ni kosa kumruhusu mtu asiye na leseni inayostahili aendeshe gari lako. Kwa hivyo kesi inaweza kuwa mbili, ya fidia na ya jinai.

Tulipofika hapo sote tukasema, "Bima ipo." Gari la ami lilikuwa na bima, cheti halali kabisa, amelipa kwa taabu kama mnavyolipa nyinyi.

Bima ya mtu wa tatu ni ya lazima kwa kila gari barabarani, chini ya Sura ya 405. Huyo mtu wa tatu ni nani? Wewe mwenye gari ni wa kwanza, kampuni ni ya pili, na wa tatu ni yule mama wa viazi. Bima hiyo haikutengenezewa bodi ya gari lako, ndiyo maana taa zako zikivunjika utazinunua mwenyewe. Imewekwa ili masikini akigongwa na mtu asiye na kitu asibaki akiikodolea macho hukumu ya korti isiyolipika. Na hata hivyo ina kikomo: dai la mtu mmoja sheria inailazimisha bima kufikia shilingi milioni 3. Korti ikihukumu zaidi, kilichobaki kinatoka mfukoni mwa mwenye makosa.

Lakini bima ni mkataba, na mkataba una masharti. Ile karatasi ndefu yenye maandishi madogo, ambayo sote tunaikunja na kuiweka kabatini pamoja na vyeti vya kuzaliwa, ina kifungu cha dereva. Kwa kawaida kinasema kampuni itasimama na mwenye gari au mtu yeyote anayeendesha kwa ruhusa yake, mradi awe na leseni. Mwenye PDL iliyo hai, aliyefuata masharti yake, huhesabiwa kuwa na leseni, ingawa mikataba mingi humtaka mwenye gari alipe yeye mwenyewe kiasi cha kwanza cha hasara, tena kikubwa zaidi, dereva akiwa kijana mdogo au mgeni wa leseni. Mingine inamtoa mwanafunzi kabisa. Hutajua yako ni ipi mpaka uisome.

Ya ami tuliisoma baada ya ajali, saa tano za usiku, baada ya Tarawehe, kwa miwani ya babu. Na hapo ndipo ndugu yangu alipotoa ile PDL yake mfukoni akaiweka juu ya meza bila kusema neno. Muda wake ulikuwa umekwisha siku kumi na mbili kabla.

Basi hesabuni: PDL imekwisha, herufi L hakuna, aliye kando hana leseni. Kampuni ilimwandikia ami barua ya kurasa mbili, kwa heshima zote, kwamba haihusiki. Siwalaumu. Soma mkataba utaona walichosema kimo humo. Sheria huikinga haki ya mtu wa tatu katika mambo fulani, na mara nyingine kampuni hulazimika kulipa kisha ikamgeukia mwenye gari imdai irudishiwe. Lakini kwa vyovyote vile, mwisho wa njia hiyo amesimama ami.

Nirudi kidogo kwa wale wanaosema bima yote ni haramu, kwa hivyo ya nini kuhangaika nayo. Ni kweli wanavyuoni wana maneno mazito juu ya bima ya kibiashara. Baraza hilo hilo la Fiqhi lilikaa Jeddah mwaka 1985 likaikataza, na likaruhusu ile ya ushirika ambapo watu wanachangiana. Nayo takaful ilianza Kenya mwaka 2011, kwa hivyo anayetaka kujiepusha na shubha ana mlango wa kuugonga kwanza. Lakini kutoka barabarani bila bima yoyote kwa jina la ucha Mungu ni kumwachia jirani hatari uliyoiwasha wewe. Tena msisahau kuwa Uislamu ndio uliojua zamani kwamba kosa la mtu mmoja linaweza kumzidi nguvu. Diya ya kuua kwa kukosea haibebwi na muuaji peke yake. Huchangiwa na ukoo wake, ile aaqila. Ndugu zetu wa Garissa na Wajir hadi leo ukoo huchanga. Sisi wa Nakuru, ambao baba katoka huku na mama kule, na jirani hata jina lake hatulijui, nani atatuchangia?

Na kuna deni ambalo hata ukoo hauchangii. Mwenyezi Mungu (S.W.T) katika Surat An-Nisaa, aya ya 92, amemwekea aliyeua kwa kukosea, pamoja na diya, kafara ya kumwacha huru mtumwa, na asiyeweza afunge miezi miwili mfululizo. Miezi miwili! Sisi hapa tuko siku ya kumi na nane na tayari tunaulizana Eid ni lini. Yule mama angekufa pale Bondeni, hakuna kampuni ya bima duniani ambayo ingemfungia ndugu yangu hata siku moja.

Basi wazee wakakutana. Hapa nitasema kwa adabu, kwa sababu baadhi yao wamo humu na ni wazazi wangu. Walikwenda hospitali watu sita, na matunda na shilingi elfu thelathini katika bahasha. Mama yule si Muislamu, lakini alitupokea vizuri. Wakamwambia huu ni mwezi wa rehma, kijana ni mtoto, alikuwa amefunga, tafadhali samehe tuyamalize bila polisi. Akanyamaza kidogo, halafu akasema: "Mimi nimesamehe. Lakini kodi ya nyumba haijanisamehe. Na hawa watoto watatu hawali msamaha."

Hakuna aliyejibu. Tulitoka pale kila mtu anaangalia viatu vyake.

Kusamehe ni fadhila kubwa, na aya hiyo hiyo niliyoitaja imewapa jamaa wa marehemu mlango wa kusamehe diya iwe sadaka. Lakini mlango huo umewekwa mkononi mwao. Haukuwekwa mkononi mwa jamaa wa dereva wawafungulie. Mtu aliyelala na mguu umening'inizwa, akazungukwa na wanaume sita waliovaa kanzu, hilo si ombi tena. Maslaha ni njia njema, na hata korti huipenda, lakini iwe ni maslaha ya pande mbili, baada ya daktari kusema mguu utachukua muda gani, na baada ya mwenye haki kupata mtu wa kumshauri. Sheria inampa miaka mitatu ya kufungua kesi ya madhara kama hayo. Nasi tulitaka aamue kabla ya adhana ya Isha. Wala tusidhani kesi hii ni ya Kadhi. Kifungu cha 170 cha Katiba kimempa Kadhi ndoa, talaka, mirathi na hali za watu binafsi baina ya Waislamu. Ajali huenda kwa hakimu.

Ustadh mmoja aliniuliza swali zuri: eti kampuni za bima zinakukataza kukiri kosa, je, huko si kuficha ukweli? Nililifikiria sana. Ukisimamisha gari, ukamsaidia majeruhi, ukaripoti kituoni kabla ya saa 24 kwisha kama sheria inavyotaka, ukamweleza polisi lililotokea kama lilivyotokea, umetimiza ukweli wako. Kuficha ni kukimbia, au kubadilishana viti ili aonekane aliyeendesha ni mwenye leseni. Na nakiri mbele yenu, pale barabarani kuna mtu mzima alitushauri hivyo, na tulikaribia. Jambo ambalo bima inalikataza ni kukaa na kupatana fidia kwa niaba yake kabla ya kuiarifu, na mkataba umewapa haki hiyo, kwa hivyo iarifu kwanza, siku hiyo hiyo. Na ukishitakiwa, hati za korti zisilale mezani. Ziwafikie mara moja. Kuchelewa kuarifu kumewakosesha watu wengi, mdai na mdaiwa pamoja.

Ami aliuza gari. Akalipa hospitali, akalipa kodi ya mama yule ya miezi saba, na yaliyobaki yakaandikwa kwa mawakili wa pande zote mbili, akawa analipa kila mwezi mpaka mwaka jana. Ndugu yangu alifikishwa kortini, akakubali makosa, akapigwa faini. Mama anatembea, ingawa siku za baridi anachechemea. Yuko pale pale na karai lake, na akiniona huniuliza, "Umeshapata leseni?"

Nimepata, alhamdulillah. Ndugu yangu naye alirudi shule ya udereva baada ya mwaka mzima wa kuogopa hata kushika mlango wa gari. Siku ya kwanza alimuuliza mwalimu maswali mawili kabla ya kuwasha injini: bima ya gari hili inamhesabu mwanafunzi, na ukomo wa PDL yangu ni tarehe gani? Mwalimu alicheka, akasema katika miaka yote hajaulizwa. Hata yule bwana wa kesi ya Uingereza, kabla hajakubali kumfundisha rafiki yake, alitaka kwanza aonyeshwe bima, akahakikisha inamhusu. Hiyo ndiyo iliyomwokoa.

Kwa wazazi nina ombi moja. Eid inakuja, na desturi yetu Nakuru inajulikana: vijana wanapewa funguo kwenda ziwani au Menengai, gari la viti vitano lina watu tisa. Wengine wanatoka mpaka barabara kuu ya Eldoret "kufungua gari." Barabara ile, kule Salgaa na Migaa, haimwonei haya hata dereva wa miaka ishirini. Tarehe 31 Desemba 2017 basi na lori viligongana Migaa, wakafa watu 36. Mwenye masomo manane anatafuta nini huko? Kama kijana anajifunza, mpeleke mwenyewe asubuhi mapema kwenye uwanja mtupu, ukae kando yake wewe mwenye leseni, na simu uiache nyumbani.

Jumamosi baada ya Alasiri nitakuwa hapa hapa barazani. Anayetaka alete mkataba wake wa bima, ule mrefu wenye maandishi madogo, siyo cheti peke yake, tukisome pamoja kile kifungu cha dereva. Ndugu yangu amesema naye atakuja. Atakuja kwa miguu.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.